Nani wa Kuulizwa Kiptere

Kiptere,
9 Februari 2025

Kwa Cheptoo, mtoto wa kaka yangu,

Pokea salamu nyingi, na nyingine umpe mama yako Nyanchoka kabla hujamaliza kusoma, maana najua amekaa karibu anakuuliza senge, shangazi yako wa huku, anasema nini. Mwambie senge hajambo. Mwambie pia magoti yake ayakande kwa maji ya moto yenye chumvi, asitegemee vidonge tu.

Utanicheka kwamba bado naandika barua wakati dunia nzima inaongea kwa simu. Simu ninayo. Lakini kuichaji ni mpaka niipeleke dukani kwa Orina, na hata ikiwa imejaa, ukinipigia nasikia nyuki tu. Masikio yangu yamezeeka kabla ya miguu. Barua haina makelele. Zack wa gari la maziwa ataibeba mpaka Kapsoit, aitie kwenye gari la Nairobi, na wewe ukijibu fanya hivyohivyo. Na tuandikiane kwa Kiswahili, mwanangu, kwa sababu Kikipsigis chako kimejaa mawe. Sikulaumu. Baba yako wa huku, mama yako Mkisii, nyumba yenu ilikuwa ya Kiswahili tangu uzaliwe.

Huku ni kiangazi. Majani chai ni machache, tunarudi kutoka kituo cha kupimia mapema na vikapu vyepesi. Ng'ombe wangu amezaa dume, nimempa jina Mheshimiwa kwa sababu anakula vya watu na hajali. Binti zangu hawajambo kwenye ndoa zao huko Bomet. Yule mdogo amejifungua tena, msichana, na sura ni yangu kabisa, maskini.

Sasa neno lenyewe. Watu wa makoti ya manjano walikuja hapa kijitoni, wakapima, wakapigilia vigingi. Wanasema maji yatachepushwa kwenye mfereji, yashuke kwa bomba, yazungushe mtambo, na sisi sote mpaka sokoni tupate stima. Nilifurahi nikawapikia chai. Kipkemoi naye alikuja kunisalimia na kilo ya sukari. Unamkumbuka, mtoto wa shemeji yake marehemu Kogo Taprandich, mwenye boma hili ninalokaa. Hajakanyaga hapa tangu tumzike Kogo, kwa hivyo nilishangaa, lakini chai nilimpa pia.

Wewe ndiye uko kwenye ofisi inayoandika kanuni za mambo hayo. Hebu nieleze: mfereji ukitaka kupita shambani, anaulizwa nani? Nataka kujua tu.

Senge yako,
Bilhah

*

Nairobi,
2 Machi 2025

Senge mpendwa,

Barua yako imefika ikinuka maziwa, na Mama ameisoma kabla yangu. Anasema chumvi ametia, maji yamemchoma, na lawama zote ni zako. Lakini jana alipanda ngazi bila kulalamika, kwa hivyo naona dawa imekubali. Mpe hongera binti yako kwa mtoto. Kama sura ni yako basi wachumba watapanga foleni.

Senge, umeniuliza habari ya kitu ninachokipenda, kwa hivyo vumilia. Mpaka leo mtu akitaka kujenga mtambo mdogo wa maji, au kutandaza paneli za jua kwenye kipande cha malisho, anatumwa ofisi ya ardhi, ya maji, ya mazingira, ya barabara. Kila ofisi inamwambia arudi wiki ijayo, na ofisi moja haijui nyingine imesema nini. Juu kule Londiani kulikuwa na mradi wa kijiji kizima. Ulikaa makabatini mpaka mabomba waliyonunua yakaota kutu. Nilikwenda kuyaona. Yamelala nyasini, na watoto wanaingia upande huu na kutokea upande ule.

Ndiyo maana tunaandika upya kanuni za kupanga matumizi ya ardhi kwa miradi ya namna hii. Itakuwa meza moja, mlango mmoja, na jibu kwa muda unaojulikana. Sehemu iliyotutoa jasho ni hiyo unayouliza, ya nani akubali. Zamani kila mwenye neno alitakiwa kutia sahihi, na mmoja akikataa kwa sababu ya ugomvi wa mbuzi, mradi unakufa. Kwa hivyo nikaandika kifungu kifupi: ruhusa itatoka kwa mwenye hati ya shamba, na kama amefariki, kwa msemaji wa ukoo wake. Kifungu cha kumi na nne. Nimekiandika mimi mwenyewe, Senge, kila neno. Mkurugenzi alikisoma mara mbili akasema, "Cheptoo, hiki ni kisafi."

Na Kiptere ni mahali pamoja kati ya pale tunapojaribia kanuni hizi kabla hazijapitishwa. Nilipoona jina hilo nilitaka kupiga vigelegele ofisini. Utapata taa! Utasoma Biblia yako bila kuinamia koroboi, na simu utachajia kitandani.

Mama anauliza kama bado unaimba kwaya.

Wako,
Cheptoo

*

Kiptere,
27 Aprili 2025

Cheptoo wangu,

Samahani nimechelewa. Mvua imekuja na majani chai yameshika kasi, tunachuma mpaka mikono inakuwa myeusi haioshiki. Kwaya naimba, mwambie mama yako, ila sasa wananiweka nyuma na wazee wenzangu, mahali ambapo tukikosea sauti haisikiki.

Kifungu chako nimekielewa. Mwenye hati, na akifariki, ukoo. Ni kisafi kweli. Umefanya kazi nzuri, na baba yako angekuwa hai angetembea nacho mfukoni akiwasomea watu.

Nikupe habari za Mheshimiwa. Amekuwa na nguvu ajabu. Nilimfunga kwenye kile kigingi cha wapimaji kilicho karibu na mlango wa jikoni, kwa kuwa kilikuwa imara, na asubuhi nikakuta amekwenda nacho. Nikakirudisha. Nikamfunga kwenye cha pili, akakwenda nacho pia. Nacho nikakirudisha. Siwezi kuapa kwamba vyote nimevirudisha palepale, maana macho yangu unayajua, na mahali pengine ardhi ni ngumu, nikaona nivipigilie penye udongo laini kule juu.

Mahindi yametoka vizuri. Mongina, yule jirani yangu Mkisii, ameniletea miche ya sukuma wiki lakini sijaipanda. Siku hizi nafikiria sana mambo ya kupanda, kama yana maana.

Nikija kuhamia Bomet kwa binti zangu, utakuwa unanitembelea huko? Nauliza tu.

Senge yako,
Bilhah

*

Nairobi,
18 Mei 2025

Senge,

Natumai mvua haijakulaza na kifua. Mama yuko salama, magoti ni yaleyale. Sina habari nyingine ya nyumbani kwa sababu kichwa changu hakiko nyumbani.

Jumatano mhandisi wetu, anaitwa Opiyo, aliingia ofisini akatandaza ramani mezani. Akauliza kama huko kwetu maji hupanda mlima. Kwa mujibu wa vigingi, mfereji wa Kiptere unatoka kijitoni, unapanda, unapinda, unaingia katikati ya majani chai ya mtu anayeitwa Kipkemoi na kuishia hapo. Alidhani ni watu wanaopinga mradi. Alitaka polisi wa kituo wakaulize. Mimi nilicheka mpaka machozi, kwa sababu nilimjua mhalifu, na ana kwato.

Halafu nikaacha kucheka. Nikakumbuka umesema kigingi cha kwanza kilikuwa karibu na mlango wa jikoni. Nikamuuliza Opiyo mfereji ulitakiwa upite wapi hasa. Akaniwekea kidole. Nikamuuliza ruhusa ilitoka kwa nani. Akasema, "Hakuna shida hapo. Mwenye shamba alikufa, msemaji wa ukoo ameshasaini, huyo Kipkemoi. Kuna tu mama fulani wa kazi anaishi kwa ile nyumba ya juu. Huyo ataenda kwa watoto wake."

Mama fulani wa kazi. Nilitoka nje nikasimama kwenye korido nikijifanya naongea na simu.

Senge, mbona hukuniambia? Nilikuandikia juu ya kifungu changu kama mtoto anayeonyesha nguo ya Krismasi, ukaniambia kimependeza, na kumbe kifungu hichohicho ndicho kinachokutoa nyumbani. Kesho naingia kwa mkurugenzi. Nimekiandika mimi, nitakifuta mimi.

Cheptoo

*

Kiptere,
23 Mei 2025

Mwanangu Cheptoo,

Leo salamu ni fupi, nimemwambia Zack asipite kwa mtu mwingine mpaka barua hii ifike Kapsoit. Usiingie kwa mkurugenzi. Kama umeshaingia, mwambie ulikosea mlango.

Fikiria kidogo. Ukibadilisha kifungu kwa ajili yangu, kesho mtu atasema, tazameni, Cheptoo anaandika sheria za nchi kwa ajili ya senge yake. Watakitupa kifungu na kanuni zote pamoja nacho, na yale mabomba ya Londiani yatazidi kuoza. Mimi nitabaki na nyumba yangu na koroboi langu, na Kiptere yote itajua ni nani aliyewanyima taa. Sitaweza kukaa kwa raha katika nyumba ya namna hiyo.

Umeniuliza kwa nini nilinyamaza. Ningesemaje? Barua yako ilikuwa na furaha mpaka mwandiko unaruka mistari. Sikuwa na moyo wa kuizima.

Na kuna jambo jingine ambalo kwetu tunalijua wote na hatulisemi. Nitaliandika mara hii moja. Mimi sikuja hapa kufanya kazi. Taprandich alikuwa mjane asiye na mtoto, na kwa mila yetu akatoa mahari akanioa, ili nimzalie watoto wa kubeba jina la nyumba yake, na mwanamume ninayewapata naye hahesabiwi. Tunaita toloch, ile nguzo ya kuegemeza nyumba isianguke. Ng'ombe aliowatoa ndio waliomsomesha baba yako, hilo nalo unalijua. Nilimwita Kogo, yaani bibi, tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya umri wake na kwa sababu sikujua nimwite nani.

Alitaka mtoto wa kiume. Nikamzalia msichana, halafu msichana tena, na mwingine hakupatikana. Nilidhani atanirudisha kwetu. Alimchukua yule wa pili kutoka mikononi mwangu, akamgeuzageuza, akasema, "Haya, nguzo ni nguzo." Majani chai haya tuliyapanda pamoja, yeye akichimba na mimi nikiweka miche. Alipougua nilimwogesha mimi na kumnywesha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa kijiko. Nilimpenda, Cheptoo. Mpaka leo nikichemsha chai natoa kikombe chake kisha nakirudisha.

Kanisani mimi ni mjane. Mjane wa nani, hakuna anayeuliza, na mchungaji anapenda iwe hivyo. Nami nimeiacha iwe hivyo. Kwa hivyo leo Kipkemoi akisema mimi ni mama wa kazi, nani atambishia?

Tulia, fanya kazi yako. Mheshimiwa nimemfunga kwenye mti. Opiyo asiite polisi.

Senge yako,
Bilhah

*

Nairobi,
29 Juni 2025

Senge yangu,

Salamu kutoka kwa Mama. Nilimsomea barua yako ya mwisho, akaenda chumbani akarudi na shali yake ya kahawia, ile nzuri. Imo kwenye mfuko huu. Amesema usiiweke sandukuni, uivae.

Nimekutii. Mkurugenzi alikuwa safarini mpaka barua yako ikafika, na kwake sikuingia. Lakini kutii huku kumenikalia vibaya. Nakaa mezani, kifungu cha kumi na nne kinapita mbele yangu, nasahihisha nukta na mkato.

Kuna kitu kimoja ninachoweza kukuambia kwa kuwa kila mwananchi ameambiwa. Kutakuwa na kikao cha kusikiliza maoni ya watu juu ya kanuni hizi, mjini Kericho, Alhamisi tarehe 14 Agosti. Tangazo limetoka gazetini. Nitakuwa mezani nikiandika yatakayosemwa. Siruhusiwi kukuambia useme nini, wala sikuambii. Nimekutajia siku tu.

Naogopa kwa ajili yako na nimechoka kujifanya siogopi.

Cheptoo

*

Kiptere,
13 Julai 2025

Cheptoo,

Shali imefika. Mama yako ana jicho. Nimeivaa kanisani, na wanawake watatu wameniuliza bei nikajifanya sisikii, hapo masikio yangu yananisaidia.

Huo mkutano sitaweza. Alhamisi upande wetu ni siku ya kuchuma, na lori la majani halimngoji mtu. Hilo gazeti nalo, huku humfikia mtu likiwa limefungiwa mandazi. Mngetaka watu waje mngetangaza kwenye vituo vya kupimia majani, ndiko sote tunakosimama tukingoja mizani. Lakini hayo ni yenu, mimi nasema tu.

Usiogope kwa ajili yangu. Kipkemoi amekuja kuniuliza nitahama lini, nikamwambia wakati wa mavuno nitajua. Alikaa, akanywa chai, akasifu mahindi.

Kula vizuri.

Senge yako,
Bilhah

*

Nairobi,
24 Agosti 2025

Senge yangu, Senge yangu mwongo,

"Sitaweza", ulisema. Siku ya kuchuma, ukasema.

Hatukupata nafasi ya kuzungumza siku ile, watu walikuzunguka, na mimi niliondolewa upesi. Wewe ulisimama mbele ukanipa mgongo ulipogeuka kuwatazama watu, kwa hivyo hukuona niliyoyaona mimi kutoka mezani. Wacha nikuandikie.

Tangazo la vituo vya majani nililiomba mimi, na mkurugenzi alikubali, maana lilikuwa la watu wote. Ukumbi ulijaa. Watu walikuja na mikono yao ya kuchumia, myeusi. Wa kwanza kusimama walisifu. Halafu nikaona shali ya Mama inainuka. Ukatembea mpaka mbele, ukanitazama usoni kama hujawahi kuniona, ukasema:

"Madam, mimi naitwa Bilhah, natoka Kiptere. Hii stima tunataka, hakuna mtu hapa anapenda giza. Lakini hii kifungu inasema aulizwe mwenye title. Sasa mwenye title tulimzika. Yeye ndiye alinioa. Ndiyo, ni mwanamke. Wakipsigis wako hapa wanajua toloch ni nini, na wale hawajui wataambiwa na jirani. Mimi ndiyo nimebaki kwa hiyo boma. Nimelala hapo, nimezaa hapo. Na mtu wa mfereji alipita kwa mlango yangu akaenda kuuliza mwingine. Andika hiyo, madam."

Madam. Ulinilinda kwa neno hilo, najua. Niliandika "Bilhah, Kiptere" na kalamu ikagoma. Mchungaji wako alikuwa safu ya tatu, akiangalia viatu vyake. Kipkemoi akasimama akasema, "Huyo mama alikuwa tu wa kusaidia shangazi kazi ya nyumba. Kila mtu anajua." Na ukumbi ulinyamaza, Senge. Kila mtu alijua na kila mtu alinyamaza, na wewe ukasimama pale katikati umeshika ncha za shali.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Sikupanga. Nilisimama nikasema, "Huyu ni senge yangu, dada ya baba yangu. Alitolewa mahari na marehemu Taprandich, na ng'ombe wa mahari hiyo ndio waliomsomesha baba yangu, na baba yangu akanisomesha mimi. Na kifungu hiki kinachompita mlangoni nilikiandika mimi." Nikaketi. Mkurugenzi alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau.

Nikadhani nimeharibu kila kitu. Lakini Mongina akasimama, bila kuitwa, akasema yeye na mumewe walinunua shamba kwa rafiki yao Mkipsigis, wakaandikiana mbele ya wazee, hati haijatoka mpaka leo, je, yeye naye ni mama wa kazi? Nyuma yake mwingine. Nyuma yake wajane wawili. Mwenzangu aliyepewa kalamu yangu aliandika mpaka akaomba karatasi nyingine.

Sasa habari zangu. Nimetolewa kwenye kanuni. Nilipaswa kusema mapema kwamba nina ndugu Kiptere, sikusema, na hilo ni kosa langu, wana haki. Nimepelekwa meza ya kuidhinisha mabango ya barabarani. Juzi niliidhinisha bango la sabuni. Inaniuma, Senge, sitakudanganya. Nilikuwa nikiota siku kanuni zile zitakapopita nami niko chumbani. Watakibadilisha kifungu au hawatakibadilisha, na mimi sitaambiwa.

Lakini ungeniuliza kama ningesimama tena, jibu unalijua. Mama anajisifu kwa majirani wote kwamba shali ilikuwa yake.

Wako daima,
Cheptoo

*

Kiptere,
16 Novemba 2025

Cheptoo, mtoto wa kaka yangu,

Pokea salamu zangu, na usikasirike kwa kimya hiki kirefu. Nimeanza barua hii mara nyingi, nikaiacha. Kila nikifika kwenye lile bango la sabuni natamani kuja huko Nairobi nimshike mkurugenzi wako sikio.

Kwanza mambo ya nyumbani. Mjukuu ameota jino. Mheshimiwa amekuwa mkubwa, nimembadilisha kwa mtamba na mtu wa Kapsoit, na nilimwonya kuhusu vigingi. Jumapili baada ya kile kikao nilikwenda kanisani nikijua hakuna atakayekaa nami. Kwaya ilinifanyia nafasi mbele. Mchungaji naye wakati wa maombi aliwataja waliofiwa, akaniita mimi, na akamtaja Taprandich kwa jina. Nililia mpaka shali ya mama yako ikalowa. Kipkemoi hanisalimii, lakini ng'ombe wake bado wanakunywa maji kwangu, na mimi siwafukuzi.

Sasa sikiliza. Leo mchana, nimetoka tu kanisani, gari limesimama njiani. Wakashuka yule Opiyo wako na kijana mmoja kutoka ofisini kwenu. Hawakuingia. Walisimama nje ya ua wakabisha hodi mpaka nilipowakaribisha, na hata hapo Opiyo alifuta viatu kwenye nyasi. Kijana akanieleza kwamba kifungu cha kumi na nne kimeandikwa upya. Sasa yeyote ambaye makao yake yako kwenye shamba lazima aulizwe palepale nyumbani kwake, awe na hati au asiwe nayo, na bila hivyo mradi hautapewa kibali. Wameanza kukijaribu hapa. Nikamuuliza nani amekiandika. Akasema wamekiandika wengi, lakini walianzia kwenye maneno ya kile kikao, na kwamba mle ofisini wanakuheshimu ingawa hawasemi. Nimeona nikupe hilo jinsi alivyonipa.

Opiyo akatandaza ramani yake juu ya meza ya jikoni, nikaondoa sufuria. Akaniambia wamepima upya, mfereji unaweza kupita chini ya zizi, usiguse nyumba wala kaburi la Kogo, nitapoteza mistari michache tu ya majani chai. Halafu akanitazama, akasema, "Mama, tunaomba ruhusa yako tupite hapo. Unasemaje?"

Nikawaambia nahitaji kufikiria, warudi kesho.

Opiyo akaangalia gari. Akaangalia mawingu, maana barabara yetu ikinyeshewa unaijua. Kisha akasema, "Sawa, mama. Tutalala Kericho, tutarudi kesho asubuhi." Wakakunja ramani wakaenda.

Cheptoo, jibu ninalo tangu mwezi wa pili. Ni ndiyo. Nani anakataa taa? Lakini nilipokuwa msichana wazee walikaa nje kwa baba, wakanywa, wakakubaliana ng'ombe, na asubuhi nikaletwa hapa. Taprandich alinipenda, Mungu anajua, lakini hata yeye hakuniuliza. Leo watu wazima na gari lao wamelala Kericho wakingoja neno langu, na nimetaka usiku mmoja niujue ulivyo.

Kesho nitawaambia wapite.

Ni mimi senge yako,
Bilhah